Shamba Lililofuliwa kwa Ndimu

Kuchapa majani kwenye nguo nilijifunza kutokana na paa bovu. Wakati huo nilikuwa karani wa ghala karibu na bandari, na masika moja maji yalipenya juu ya marobota ya marekani, ile nguo nyeupe ya pamba. Robota moja lilipofunguliwa, kitambaa cha juu kilikuwa kimeharibika. Jani la mti wa mkungu lilikuwa limepeperushwa na upepo likanasa kati ya nguo na utepe wa chuma unaofunga robota. Chuma kiliota kutu, mvua ikamalizia kazi. Kwenye kitambaa palibaki jani zima, jeusi, pamoja na mishipa yake yote hadi ile midogo kama unywele. Msimamizi aliliita doa. Niliomba kipande kile kabla hakijatupwa, nikakifunga nyuma ya baiskeli na kwenda nacho nyumbani Temeke.

Sikuwa fundi wa sanaa yoyote. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mengine niliyasoma mwenyewe, kwenye vitabu vilivyokwisha kupita mikono ya watu wengine. Nilichokuwa nacho ni mkono wa sindano. Kwetu kusini wanaume wengi hushona kofia, nami nilizoea kutoboa vitundu mia kadhaa na kuvizungushia uzi bila kupoteza hesabu. Basi nilitafuta daftari, nikaandika MAJANI kwenye jalada, nikaanza kujaribu.

Majaribio yalichukua karibu mwaka mzima. Misumari yenye kutu ilikaa katika siki kwa wiki tatu. Jani lilichovywa humo, likalazwa juu ya marekani iliyofuliwa mpaka ikalainika, nguo ikaviringishwa kwenye kipande cha bomba na kukazwa kwa kamba ya katani, kisha ikawekwa juu ya mvuke wa debe kwa saa mbili. Mkungu, mkorosho, mwembe na mpera ilitoa weusi mzuri. Mpapai haukutoa kitu. Mhina ulitoa rangi ya chungwa iliyonipendeza, ila ilikimbia baada ya kufuliwa mara mbili. Nilijaribu pia kuloweka nguo katika tui la nazi ili rangi ishike. Nguo ilinuka siku kumi, na paka wa jirani alihamia kwetu. Yote hayo yameandikwa kwenye daftari, isipokuwa ya paka.

Mke wangu alilivumilia jambo hili kwa namna yake.

"Bwana," aliniambia siku moja, akitazama debe linalofuka uani, "wenzako wanapika majani wakayala. Wewe unayapika ukayaanika."

"Ni majaribio."

"Najua ni majaribio. Nauliza tu kama na leo mboga itakuwa majaribio."

Ningeendelea hivyo hivyo, kipande hiki na kile, kama si habari ya shamba la mama.

Mama yangu aliishi peke yake kwenye shamba lake, mwendo wa robo saa kutoka kwangu. Lilikuwa shamba dogo, nyumba ya udongo ya vyumba viwili na miti kumi na minane ambayo karibu yote aliipanda yeye na marehemu baba. Mwaka ule serikali ilikuwa ikipima viwanja vipya upande wetu. Watu wa kupima walikuja na minyororo na vigingi, wakaonyesha mahali barabara itakapopita, na barabara ilipita katikati ya shamba. Miti ingekatwa kwanza. Nyumba ingebomolewa siku moja kabla ya Idi. Mama angehamia kwangu, na chumba chake kilikwisha kupakwa chokaa.

Mama alikataa. Hakupiga kelele wala hakulia. Alikaa kitandani kwake, akakunja kanga magotini, akasema:

"Mie siondoki hapa mikono mitupu."

"Mama, vyombo vyote tutabeba."

"Vyombo!" alisema. "Vyombo nilinunua. Nazungumzia miti yangu."

"Miti haihamishiki, mama."

"Basi na mie sihamishiki. Waje wanibebe na kitanda."

Tulijua kwamba wangembeba kweli. Miezi michache nyuma, mzee mmoja wa upande wa pili alitolewa nyumbani kwake na askari wawili, mmoja kila kwapa, mbele ya wajukuu zake. Sikutaka kuona mama akitolewa hivyo. Nilirudi nyumbani nikiendesha baiskeli polepole, na kabla sijafika nilikuwa nimepata la kufanya. Ningemshonea mfarishi, tandiko la kujazwa sufi, wa vipande kumi na vinane, kila mti jani lake, na kila jani mahali mti wake uliposimama. Angeondoka na shamba lake ameliviringisha kwapani.

Nilipomweleza, alifikiri kidogo.

"Yote kumi na minane?"

"Yote."

"Na mbirimbi?"

"Na mbirimbi."

"Ukinimalizia kabla ya Idi, nitahama kwa miguu yangu," alisema. "Usipomaliza, usinilaumu."

Nilipima shamba kwa hatua, nikachora ramani kwenye daftari, nikachuma majani matatu matatu ya kila mti. Siku nne baadaye wakataji walikuja na mashoka na misumeno. Shina la mwisho lilipoanguka, mimi nilikuwa na vipande kumi na vitatu tayari, na majani ya miti mitano iliyobaki yamelazwa kati ya magazeti. Mama aliniahidi pia foronya zake nne alizodarizi alipokuwa mwali, akiwa ndani akisubiri kuolewa. Kitambaa chake kilikuwa kimechakaa, lakini maua yalikuwa mazima, mazito, yametuna kwa nyuzi nyekundu na za kijani. Hayo ningeyakata na kuyafanya pembe nne za mfarishi.

Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu. Kwa hiyo nilichagua weusi peke yake, rangi nyingine niliziacha. Kila nilipomaliza kipande nilimpelekea, akakishika karibu na mlango penye mwanga, akasema, "Aah, mfenesi huo," au, "Naam, mkorosho." Nilitia alama ya vema kwenye daftari.

Vipande vyote vilipokamilika nilivilaza kwenye ndoo kubwa ya maji safi ili siki itoke. Vingekaa siku moja na nusu, kisha vianikwe na kazi ya kushona ianze. Ilibaki wiki moja na siku mbili kufika Idi. Mke wangu alikuwa Chamazi msibani kwa shangazi yake. Mimi nilikwenda kazini nikiwa na moyo mwepesi, mtu aliyepanga mambo yake vizuri.

Niliporudi jioni, nilimkuta dada yangu uani, aliyekuja kutoka Kinondoni. Alikuwa na jirani yetu tuliyemwita Mama Mwalimu, mke wa mwalimu mmoja Mkristo aliyetoka huko milimani kaskazini. Wote wawili walikuwa wamekunja mikono ya nguo, wamelowa, na wana furaha kubwa.

"Shikamoo, kaka!"

"Marahaba. Umekuja lini?"

"Tangu asubuhi. Nimesikia wifi yuko msibani, nikasema nyumba ya kaka yangu isije ikaingia Idi imejaa vumbi. Tumefagia, tumeosha vyungu, mapazia tumefua." Akanyoosha mkono kwenye kamba. "Na ile balaa yako tumeiokoa."

Nilitazama kamba. Vipande vya marekani vilining'inia vimenyooshwa vizuri, vimebanwa kwa vijiti. Nilihesabu. Vilikuwa kumi na vinane, na vyote vilikuwa vyeupe.

"Kutu tupu!" alisema dada yangu. "Nguo nzuri vile, imejaa kutu na utomvu wa mabibo. Nikamwambia Mama Mwalimu, kaka yangu kakaa siku tatu bila mke, tazama alivyofua."

"Mimi nililia kwa huruma," alisema Mama Mwalimu. "Nikaleta ndimu zangu zote."

"Ndimu hamsini, kaka! Ndimu na chumvi, tukasugua, tukaanika juani, tukarudia. Kucha zimekwisha. Hakuna doa lililobaki."

Kila mwanamke wa Temeke anajua kwamba kutu kwenye nguo hutoka kwa ndimu, chumvi na jua. Mimi pia nilijua. Lilikuwa kwenye daftari langu, ukurasa wa saba, kwa mkono wangu mwenyewe: "Ndimu: huondoa." Nilichosahau ni kumwandikia mtu yeyote asiyesoma daftari langu.

Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Sikumbuki nilisema nini, lakini nilieleza, kwa sababu dada yangu aliacha kutabasamu polepole, kisha akaketi chini kwenye mchanga na nguo zake zilizolowa.

"Miti ya mama?" aliuliza.

"Ya mama."

"Yote?"

"Mmefua vizuri sana," nilisema. Sikuwa nafanya mzaha, ila yeye ndipo alipoanza kulia, na Mama Mwalimu akamfuata.

Nilipanda baiskeli nikaenda shambani kutafuta majani mengine. Hapakuwa na kitu. Matawi yalikuwa yamekwisha kuchomwa, majivu yametawanywa, na mahali pa mkungu palikuwa na lundo la kokoto. Nyumba ya mama ilisimama peke yake kwenye ardhi nyekundu kama jino lililobaki. Kwa kuwa nilikuwa nimefika, niliingia nikamwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikononi alikuwa na foronya moja kati ya zile nne, ile ambayo sikuwa nimeichukua bado, na kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya ua, kutoka kikonyo hadi ncha.

"Pole, baba," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote. "Lakini nikuambie kitu, usikasirike. Mie yale majani yako nilikuwa siyaoni."

"Ulikuwa unayataja majina, mama."

"Mkungu niliuona, ni mkubwa. Hayo mengine ulikuwa unayasema wewe unapoingia mlangoni. 'Mama, huu mfenesi.' Nami nikaitikia mfenesi. Ulikuwa umefurahi mno."

Nilitoa daftari mfukoni nikatazama alama kumi na nane za vema. Nadhani sijawahi kuliona daftari likiwa halina maana kiasi kile.

"Hili ua," aliendelea, "nimelidarizi kabla wewe hujazaliwa, na bado naliona." Alisukuma kidole tena juu ya ule uzi uliotuna. Nikaelewa: majani yangu nayo yangeshonwa kwa uzi, yashikike kwa kidole.

Mke wangu alirudi kesho yake asubuhi. Alisikiliza habari yote akiwa bado ameshika kikapu, kisha akamgeukia dada yangu, ambaye alikuwa amelala kwetu na macho yamevimba.

"Wifi," alisema, "watu wanafua mashuka. Wewe umefua shamba zima."

"Nitukane tu, wifi. Nimestahili."

"Sitakutukana. Nitakupa sindano."

Kwa bahati ndimu hazikuwa zimemaliza kila kitu. Ulipokitandaza kipande juu ya ubao na kukitazama kwa upande, uliona kivuli cha jani, rangi ya chai iliyomwagika na kufutwa. Mpaka wa jani ulionekana, na mshipa wa kati. Nilipitisha penseli juu ya kila kivuli kabla hakijapotea, nikagawa vipande. Mama Mwalimu alikuja na uzi mzito aliofundishiwa kudarizi vitambaa vya meza alipokuwa msichana shuleni, na mshono wa mnyororo ambao hutuna kama kamba nyembamba. Huo ndio tulioutumia. Mimi nilichukua mishipa midogo, kwa kuwa inafanana na kazi ya kofia.

Siku sita tulikaa barazani kila tulipopata nafasi. Kivuli kilionyesha mpaka wa jani, lakini mishipa ya pembeni ilikuwa imekwenda na ndimu, na hapo kila mtu alikuwa na lake.

"Mpera mishipa yake inakwenda namna gani?" aliuliza dada yangu.

"Wifi, umekula mapera ya shamba lile tangu hujaota meno," mke wangu alimjibu. "Leo jani hulijui?"

"Nilikuwa natazama mapera, si majani!"

"Sisi kwetu tuna migomba," alisema Mama Mwalimu. "Nipeni jani la mgomba, nitalishona nimefumba macho."

"Shambani kwa mama hakukuwa na mgomba."

"Ndiyo maana nateseka."

Kuhusu mstafeli walibishana asubuhi nzima, mke wangu akisema mishipa inapinda kuelekea ncha, dada akisema imenyooka, mpaka nikaenda na baiskeli Tabata, kwa rafiki yangu mwenye mstafeli, kumaliza ubishi. Inapinda. Mke wangu aliimba wakati wa kushona mpaka dada yangu akamrushia subana ya kidoleni.

Tulijaza sufi, tukapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza, nikashona matabaka matatu pamoja kwa mshono wa kofia, hatua ndogo ndogo kufuata ukingo wa kila jani. Maua ya foronya yalikaa kwenye pembe. Mwisho wa siku ya sita tulikuwa na mfarishi wa urefu wa shibiri kumi na mbili na upana wa sita, mweupe, wenye majani ya uzi mwekundu, wa kijani na mweusi kulingana na uzi uliopatikana. Mbirimbi ulikuwa mwekundu. Haikuwa sahihi, lakini uzi wa kijani ulikwisha.

Asubuhi ya siku iliyotangulia Idi tulikwenda wote wanne kwa mama. Nje, wafanyakazi wa barabara walikuwa wameketi juu ya toroli wakinywa chai, wanasubiri zamu ya nyumba ile. Mama alikuwa kitandani, kanga magotini, kama siku ile ya kwanza. Hakuna alichofungasha. Hata kibuyu cha maji kilikuwa bado ukutani.

Niliutandaza mfarishi sakafuni, upande wa kisima ukielekea mahali kisima kilipokuwa. Mama alishuka kitandani, akapiga magoti, akaanza upande wa njia. Viganja vilitangulia, vikatulia juu ya jani la kwanza, kisha vidole vikafuata mshipa mmoja mmoja.

"Mkorosho," alisema. Akasogea. "Mwembe. Mwembe wa pili. Huu nani kaushona? Mishipa imebanana."

"Mimi, mama," alisema dada yangu kwa sauti ndogo.

"Si mbaya. Ulikuwa mti wa mbanano vilevile." Akasogea tena. "Mpera. Mfenesi. Hii nini, mbirimbi? Eeh, mbirimbi!" Akacheka peke yake, akaugusa mara ya pili.

Hakuna mmoja wetu aliyemtajia jina lolote. Nilikuwa nimewakataza. Alikwenda hivyo, jani kwa jani, hadi kumi na nne, kumi na tano. Kwenye la kumi na sita alisimama. Vidole vilirudi nyuma, vikapima nafasi, vikaenda mbele tena. Nikaona uso wake unakunjamana.

"Hapa umeniwekea nini?"

Sasa aliuliza, kwa hiyo nilijibu. "Mstafeli, mama."

"Mstafeli ulikuwa nyuma ya choo."

"Nilipima kwa hatua. Kumi na moja kutoka kisimani, upande wa kushoto. Nimeandika."

"Umeandika kushoto kwako ulipokuwa unatoka. Mie mti nimeumwagilia miaka yote nikiwa naingia. Ulikuwa nyuma ya choo, na mkomamanga ndio ulikuwa hapa. Umebadilisha."

Nilifungua daftari. Mke wangu alichungulia begani kwangu. Ramani ilionyesha mishale ya kuingia kwa miti yote isipokuwa miwili ya mwisho, niliyoipima nikielekea kwenye baiskeli.

"Eti mwanangu karani!" alisema mama akimgeukia Mama Mwalimu. "Ghala la watu linaponaje?"

"Nitafumua, mama," nilisema. "Nitafumua sasa hivi, ni vipande viwili tu."

"Sasa hivi lini, na wale wenye toroli wamekwisha kunywa chai?" Alishika ukingo wa kitanda akainuka, akajifunga kanga kiunoni. Akaanza kuuviringisha mfarishi mwenyewe, kuanzia upande wa njia, akikaza kila mzunguko kwa goti. "Utafumua huko huko kwako, mie nikiwa nimekaa nakuangalia. Wewe ukiachwa peke yako unanihamishia mti. Kibuyu kile mnaniachia nani? Shusheni kibuyu. Kitanda kitoke kwanza, kisha sanduku."

Dada yangu alikimbilia kibuyu. Mimi na mke wangu tulishika kitanda. Mama alitoka mbele yetu, mfarishi kwapani, akatoa salamu kwa wafanyakazi wa toroli, nao wakasimama kumpa shikamoo. Njia nzima hadi kwangu alikuwa anamweleza Mama Mwalimu jinsi mstafeli unavyopaswa kumwagiliwa.